Kubuni mjadala wa wananchi na papo hapo kuuchunguza: mtafiti aweke mipaka wapi?

Mtama_Mweupe

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo kwa mliobobea katika mijadala ya wananchi wanaopatikana kwa bahati nasibu.

Tuko watafiti watatu hapa Dodoma. Tumeombwa kuandaa mjadala wa siku mbili katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Washiriki ni wakazi 60, na mada ni kisima kirefu kimoja pamoja na malisho ya kiangazi: mifugo inyweshwe saa ngapi, ndoo ilipiwe kiasi gani, na eneo lipi lifungwe ili majani yapumzike. Waliotuomba wanataka tufanye yote: tuchague watu, tuandike kijitabu cha taarifa, tuongoze vikundi. Sisi nasi tunataka kupima kama mjadala umeongeza maarifa na kubadili misimamo, kisha tuchapishe matokeo.

Hapo ndipo tunapokwama. Aliyepika ndiye atakayeonja na kutoa alama. Makala nyingi za siku hizi zinasema nafasi ya mtafiti katika mijadala hii imebadilika, ila hazisemi kwa vitendo nani afanye nini, lini, na kipi asikiguse kabisa. Pia naomba hesabu ya sampuli: 60 wanatosha? Tuna miezi minne.

Mashauriano_Kati

Ndugu Mtama, kofia mbili, ya mwandaaji na ya mpimaji, si jambo geni katika fani hii, kwa sababu fani yenyewe ilizaliwa ikiwa nazo. Miaka ya 1970 Peter Dienel wa Chuo Kikuu cha Wuppertal, Ujerumani, alianzisha vikundi vya wananchi vya kupanga mambo ya miji yao, na Ned Crosby huko Minnesota, Marekani, akabuni jopo la wananchi kwa mfano wa jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani. Mwaka 1988 James Fishkin akaja na wazo la kupima maoni, kuwakutanisha watu wajadiliane, kisha kupima tena. Hao wote walikuwa wasomi, na kila mmoja alibuni, akaendesha na akapima kazi yake mwenyewe.

Mgeuko ulikuja serikali zilipoanza kuitisha mijadala hii zenyewe. Huko British Columbia, Kanada, mwaka 2004 serikali ya jimbo iliwakutanisha wananchi 160 na mwenyekiti wao kujadili mfumo wa kupiga kura. Watafiti wakaingia kama wakufunzi na wapimaji, mkutano ukiwa si wao. Ireland walipita hatua zote ndani ya miaka michache. Mwaka 2011 wasomi waliendesha jaribio lao ili kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 2012 serikali ikaunda mkutano wa katiba wa watu 100 (wananchi wa kawaida 66, wanasiasa 33 na mwenyekiti), na baadhi ya wasomi wale wale wakawa washauri wake. Uingereza, kwa baraza lao la tabianchi la mwaka 2020 lenye watu 108, Bunge liliagiza tathmini ifanywe na watafiti ambao hawakuliendesha.

Kwa hiyo mtafiti anaweza kuwa mtetezi, mbunifu, mwendeshaji, mpimaji au mkosoaji, na kila nafasi ina upofu wake. Mtetezi huhesabu tabasamu za siku ya pili na kusahau waliokataa mwaliko. Mwendeshaji huona meza iliyochangamka, asijue kama waliochangamka ni wawili tu. Mpimaji aliyekaa mbali kabisa hajui kwa nini meza ya tatu ilivunjika saa nane mchana. Huwezi kuponya upofu huu kwa kutangaza tu kwamba "hatuegemei upande". Unauponya kwa kugawa maamuzi, na kwa watu watatu mgawanyo huu unawezekana.

Mmoja awe wa mjadala. Anaandika kijitabu, anapanga ratiba, anawafunda wawezeshaji. Wa pili awe wa vipimo. Huyu haingii ukumbini siku zote mbili, haongozi kitu, na ndiye pekee mwenye ufunguo wa data hadi uchambuzi uishe. Wa tatu awe mtazamaji, anayeandika mchakato wenyewe: nani aliomba nini kibadilishwe, nani aliondoka mapema, wapi kanuni ilivunjwa. Vikundi visiongozwe na yeyote kati yenu. Tafuteni wawezeshaji wa nje, kwa mfano wahitimu wa Chuo cha Mipango au wa Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, wanaosikia Kigogo na wasiotoka kata hiyo. Wapeni siku mbili za mafunzo, na siku ya pili yote iwe ya mazoezi: mmoja anaigiza mzee anayezungumza dakika kumi bila kupumua, mwingine mama aliyeinamisha kichwa, na mwezeshaji anajaribu kuwasawazisha.

Kuna mtego mmoja ambao wengi hawauoni mapema. Mtu mmoja akiandika kijitabu na pia maswali ya kupima maarifa, bila kukusudia atawafundisha watu majibu ya mtihani wake. Dawa yake ni hii: wa vipimo atunge maswali nane ya maarifa kutoka kwenye vyanzo (uwezo wa pampu kwa saa, utaratibu wa bei, kanuni za chombo cha watumia maji), na wa mjadala aandike kijitabu kutoka vyanzo hivyo hivyo, kila mmoja bila kuona kazi ya mwenzake. Mkilinganisha mwishoni mtakuta swali moja au mawili hayana jibu ndani ya kijitabu. Yaacheni. Alama zikipanda kwenye maswali hayo pia, mtajua watu wamejifunza kutoka kwa wenzao mezani na si kutoka kwenye karatasi.

Kabla ya mwaliko wa kwanza kutoka, fungeni waraka wa kurasa tatu wenye tarehe: matokeo makuu yasizidi matatu, namna ya kuyachambua, nani ataondolewa kwenye hesabu na kwa nini, na matokeo gani mtayakubali kuwa ni kushindwa. Hicho cha mwisho ndicho watu hukiruka, na ndicho chenye thamani kuliko vyote. Sajilini waraka huo mtandaoni, na nakala mpeni mtu asiyehusika na mradi.

Halafu anzeni leo daftari la maamuzi. Kila badiliko liandikwe: tarehe, aliyeomba, sababu, kilichoamuliwa. Mkiombwa kuondoa swali la kufunga malisho kwa kuwa "litaleta maneno", hilo liingie daftarini hata kama mmekataa. Daftari hilo ni data sawa na dodoso.

Hesabu_Kwanza

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwa mengi. Ninapotofautiana naye ni kuhusu mtu wa vipimo: kutoingia ukumbini hakutoshi. Mpimaji anayejua nani alialikwa na nani hakualikwa bado anaweza kuvuta uchambuzi bila kujijua. Faili la uchambuzi libebe herufi tu, X na Y, na maana ya herufi ifunguliwe baada ya majedwali kukamilika. Ni kazi ya nusu saa kwenye kompyuta, na inaondoa ubishi mwingi baadaye.

Sasa sampuli. Ndugu, 60 wanatosha kwa mjadala, ila kwa vipimo ni wachache kuliko wanavyoonekana. Watu waliokaa meza moja huambukizana maoni, kwa hiyo hawahesabiki kama watu 60 huru. Tuseme mfanano wa maoni ndani ya meza (0 ni hakuna, 1 ni sawa kabisa) ni 0.1. Kwa meza tano za watu 12, kigawanyo, yaani namba ya kugawia ili kupata idadi ya watu huru, ni 1 + (11 × 0.1) = 2.1, na 60 kugawa kwa 2.1 ni kama 29. Mkiweka meza nane za watu wanane, jumla 64, kigawanyo kinashuka hadi 1.7 na mnabaki na kama 38. Meza ndogo pia huwapa wanyamavu nafasi. Gharama yake ni wawezeshaji wanane badala ya watano, na sehemu za kukaa zilizo mbali kiasi cha sauti kutoingiliana.

Wawezeshaji wenyewe ni chanzo kikubwa cha makosa. São Tomé na Príncipe walifanya mjadala wa kitaifa mwaka 2004 kuhusu matumizi ya fedha za mafuta, na viongozi wa vikundi walipangwa kwa bahati nasibu. Watafiti walipochambua walikuta zaidi ya theluthi ya tofauti za matokeo kati ya vikundi inaelezwa na nani alikuwa kiongozi. Kwa hiyo chagueni kwa bahati nasibu nani aongoze meza ipi, siku ya pili mchague tena, na matokeo myatoe kwa kila mwezeshaji hata kama yanaumiza.

Orodha ya kuchagulia. Mtapewa daftari la wakazi la kijiji. Kabla ya kulitumia, chagueni kaya 20 kwa bahati nasibu mzitafute kwa miguu, na pia mchague nyumba 20 mnazoziona mtafute majina yake daftarini. Zikikosekana zaidi ya tatu upande wowote, daftari limechakaa, pitieni upya kitongoji kwa kitongoji na wenyeviti wake. Msikubali njia ya mkato ya orodha za mabalozi wa nyumba kumi. Balozi ni ngazi ya chama cha siasa, na mkitumia orodha yake mtakuwa mmepaka mjadala rangi kabla haujaanza.

Makundi ya kugawia sampuli yanahitaji akili ya hapa kwetu. Wengi huandika "mkulima" na "mfugaji". Katika sehemu kubwa ya Chamwino kaya ile ile inalima mtama na uwele na inafuga, kwa hiyo jibu litategemea tu swali limeulizwaje. Ulizeni idadi ya ng'ombe: hakuna, 1 hadi 10, zaidi ya 10. Ongezeni jinsia. Basi. Mkizidisha na umri na kitongoji mtapata vijisanduku 72 vyenye watu wawili wawili, na bahati nasibu itakuwa jina tu. Umri na umbali wa kisima viangalieni baadaye, kama uwiano umekaa sawa.

Utaratibu ninaoupendekeza: chagueni watu 150. Wote 150 wajibu dodoso la kwanza nyumbani kwao, kabla yeyote hajajua kama ataalikwa. Mkihoji baada ya mwaliko, aliyealikwa atakuwa ameshaanza kuuliza jirani na kipimo cha mwanzo kimeharibika. Kisha bahati nasibu: 80 waalikwe, 70 wawe kikundi linganishi, yaani wasioalikwa ambao waalikwa watalinganishwa nao. Kati ya 80 wategemeeni kama 60 hadi 64, iwapo mtarudia mwaliko mara tatu, mara ya mwisho ikiwa jioni ya kuamkia mjadala. Na katika uchambuzi wahesabuni wote 80. Mkiwahesabu waliofika tu, mtakuwa mnawalinganisha wenye hamu na wasio na hamu.

Kikundi linganishi kihojiwe tena siku ile ile ya pili ya mjadala, jioni, na si wiki ijayo. Kijiji ni kimoja. Habari zitatembea kisimani kesho yake asubuhi. Kipimo cha baada ya miezi mitatu kifanyeni, lakini hicho kitaeleza hali ya kijiji kizima. Athari ya mjadala kwa walioshiriki hamtaweza tena kuitenga.

Jambo moja msilidai: kwamba ni mazungumzo yaliyobadili watu, na si kijitabu. Ili kutenganisha hivyo viwili lazima kuwe na kundi la tatu linalopewa taarifa bila mjadala. Hapa Tanzania hilo liliwahi kufanywa mwaka 2015 katika utafiti wa gesi asilia uliowahusisha taasisi ya utafiti ya REPOA ya hapa nchini, taasisi ya Center for Global Development ya Marekani na Chuo Kikuu cha Stanford: walihoji watu karibu 2,000 nchi nzima, na karibu 400 wakaalikwa Dar es Salaam kujadiliana kwa siku mbili, huku wengine wakipata taarifa tu. Kwa watu 150 wa kijiji kimoja makundi matatu yatakuwa membamba mno. Semeni "kijitabu na mjadala kwa pamoja", inatosha.

Na maswali ya misimamo yasianze na "Je, unakubali kwamba…". Mgeni akiuliza hivyo kijijini atajibiwa ndiyo, kwa adabu. Andikeni: "Wapo wanaosema mifugo inyweshwe usiku tu. Wapo wanaosema inyweshwe wakati wowote mradi inalipiwa. Wewe uko karibu na nani?" Nusu ya madodoso yageuzeni mpangilio wa pande hizo mbili.

Mtendaji_Mstaafu

Vijana, hongereni. Nitaongelea upande wa kijiji na sheria, maana huko ndiko kazi nzuri za kitaalamu hukwama.

Kwanza, jina. Msiuite "baraza". Kwa mwananchi wa kawaida, baraza ni Baraza la Kata au Baraza la Ardhi na Nyumba, mahali pa mashauri. Mkitangaza "baraza la malisho", watu watakuja na mashahidi, wengine watakimbia wakidhani wameshtakiwa, na wenye mifugo mingi hawatatokea kabisa. Semeni "mjadala wa wakazi" au "kikao cha mashauriano".

Pili, mamlaka. Watu 60 waliopatikana kwa bahati nasibu hawana nguvu yoyote kisheria, na mnatakiwa kuwaambia hivyo siku ya mwaliko. Chini ya Sheria Na. 7 ya 1982 ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), chenye sauti kijijini ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, na Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25. Mambo ya ardhi, malisho yakiwemo, yanabanwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Sheria ndogo ya kufunga eneo lazima ipite Halmashauri ya Wilaya. Bei ya ndoo nayo haiamuliwi na kijiji peke yake. Ina chombo cha watumia maji na ina RUWASA, wakala wa maji vijijini. Kwa hiyo mapendekezo yenu yatasafiri njia tatu tofauti, na kila moja ina kalenda yake. Mkutano Mkuu hukaa kila miezi mitatu. Angalieni tarehe yake sasa hivi, mjadala ufanyike wiki mbili hadi tatu kabla yake. Mkifanya wiki moja baada ya Mkutano Mkuu, mapendekezo yatakaa kabatini karibu miezi mitatu na watu watasema walichezewa.

Tatu, vibali. Kama mko chini ya chuo kikuu cha hapa, barua ya kibali huanzia kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Kama mko nje ya hapo, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kutoka hapo barua hushuka: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya na halmashauri, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji. Tengeni wiki sita. Barua iseme wazi mambo mawili tofauti, kuandaa mjadala na kufanya utafiti, na ridhaa ya mshiriki iwe na saini mbili tofauti vile vile. Mtu awe na haki ya kushiriki mjadala na kukataa kuhojiwa au kurekodiwa. Wengi huunganisha, na hapo mwananchi analazimika kuwa kielelezo cha utafiti ili tu apate kusema neno kuhusu kisima chake. Hilo si haki.

Nne, msimu. Mvua za Dodoma ni takribani Desemba hadi Aprili, na wakati huo kila mtu yuko shambani. Mkichelewa hadi Oktoba au Novemba, wenye ng'ombe wengi watakuwa wamehama na mifugo kutafuta maji, na hao ndio mada inawahusu kuliko wote. Julai na Agosti ndiyo nafasi yenu. Epukeni siku ya mnada wa jirani, na epukeni miezi ya kampeni.

Tano, wakubwa. Diwani, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wakaribishwe kufungua, dakika kumi kila mmoja, kisha waondoke hadi saa ya kuwasilisha mapendekezo. Hili lijadiliwe nao wiki mbili kabla, kwa heshima, ofisini kwao. Mkisubiri kuwaomba watoke mbele ya watu mtakuwa mmewavunjia heshima, na mapendekezo yatalipia.

Bahati nasibu ifanyike hadharani, kwa vikaratasi vya namba kwenye ndoo, watoto wa shule wavitoe. Namba ziwe za kaya, si majina. Majina yabaki kwenye orodha yenu iliyofungwa. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na inawahusu.

Mnukuzi_wa_Sauti

Shikamoo mzee Mstaafu, hilo la saini mbili wengi tulihitaji kulisikia.

Naongeza kuhusu kurekodi, maana hapo ndipo data ya mjadala wenyewe inapopotea. Madodoso yanaonyesha kilichobadilika; sauti ndiyo inayoonyesha kimebadilikaje. Kila meza iwe na rekoda mbili, moja katikati juu ya kitambaa kilichokunjwa (meza ya mbao hupitisha kila kishindo cha kikombe), nyingine upande wa wanaozungumza polepole. Upepo wa kiangazi Dodoma unafuta sauti kabisa, kwa hiyo chini ya mti ni pazuri kwa chakula, si kwa kurekodi. Tumieni madarasa, meza mbili kwa darasa. Mwanzoni kila mtu ataje namba yake, na mwandishi wa meza aandike mfuatano wa wasemaji kwa namba: 4, 7, 4, 1, 9. Bila orodha hiyo mnukuzi hataweza kutofautisha sauti nane.

Hesabuni muda kabla hamjaahidi. Saa moja ya sauti za watu wengi, Kiswahili na Kigogo vikichanganyika, inakula saa 6 hadi 8 za unukuzi. Meza nane kwa saa nane za mjadala ni saa 64 za sauti, yaani saa 400 hadi 500 za kazi. Hamtaweza ndani ya miezi minne. Chagueni kwa bahati nasibu meza tatu na vipindi viwili kwa kila meza, mnukuu hivyo kikamilifu. Zilizobaki pimeni muda wa kusema tu, kwa jinsia na kwa kundi la ng'ombe.

Kuhusu kupima ubora wa hoja, kipimo kinachotumika sana duniani kilichapishwa mwaka 2003 na kilijengwa kwa hotuba za bungeni: kinahesabu kama msemaji ametoa sababu, ameeleza sababu inavyofika kwenye hitimisho, ameheshimu upande mwingine, ametaja manufaa ya wote. Ukikibandika kilivyo kwenye mjadala wa kijiji kitawadhulumu watu. Mzee akisema "fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi" kisha akanyamaza, msimbaji wa mjini (anayesoma maandishi na kuipa kila kauli alama) ataandika hakuna sababu. Kumbe pale mezani wote wamesikia hoja nzima: wenye mifugo mikubwa wakigombania zamu, wenye mbuzi watatu watakosa maji. Tengenezeni kanuni ya usimbaji yenye nafasi ya methali, fumbo na kisa, na muweke sharti: ihesabiwe kuwa sababu pale msemaji anayefuata anapoijibu kama sababu. Hapo mnapima kwa masikio ya waliokuwepo.

Wasimbaji wawe wawili, angalau mmoja awe amekua akisema Kigogo. Wasimbe wote wawili asilimia 20 ya maandishi kila mtu kivyake. Kiwango cha kukubaliana kikiwa chini ya 0.67, rudini kwenye kanuni, msiendelee. Kikifika 0.8 mko salama.

Dodoso nalo litafsiriwe Kigogo na mtu mmoja, mwingine asiyeliona la awali alirudishe Kiswahili. Neno "haki" na neno "zamu" yaangalieni kwa makini mno hapo.

Mtama_Mweupe

Asanteni sana, mzee wangu na ndugu zangu. Nimeanza daftari la maamuzi leo hii.

Mawili yamebaki. Waliotuomba wanataka wasome ripoti kabla haijatoka, "waiboreshe". Na pili, tumeshauriwa meza ya wanawake peke yao. Tuiweke?

Hesabu_Kwanza

Meza ya wanawake mkiiweka siku ya kwanza tu, iwekeni kwa vikundi vyote: kipindi cha kwanza cha dakika 90 watu wakae kwa jinsia, vipindi vinavyofuata wachanganyike. Mkiunda meza moja ya wanawake kati ya nane zilizochanganyika, hamtajua kama tofauti mnayoiona imeletwa na wanawake kuwa peke yao au na mwezeshaji wa meza hiyo. Iandikeni kwenye waraka kabla hamjaufunga.

Mashauriano_Kati

Kwa upande wa mjadala naunga mkono, na sababu yangu si ya kitakwimu. Maji ya nyumbani huchotwa na akina mama na wasichana. Wao ndio wanaojua foleni ya saa kumi na moja alfajiri ina urefu gani. Wakipata dakika 90 za kupanga hoja zao, kwenye meza mchanganyiko huingia na jambo tayari mkononi.

Kuhusu ripoti, tengenezeni mbili. Ya kwanza ni ya mapendekezo, mali ya washiriki: inaandikwa jioni ya siku ya pili, inasomwa kwa sauti ukumbini kwa Kiswahili na Kigogo, washiriki wanairekebisha na kuipigia kura kipengele kwa kipengele, idadi ya waliopinga inaandikwa. Waliowaomba hawaigusi, nanyi hamuigusi. Ya pili ni ya utafiti. Hiyo wapeni siku 14 waonyeshe makosa ya ukweli kwa maandishi: jina lililokosewa, bei isiyo sahihi, tarehe. Maandishi yao yaambatanishwe kama yalivyo. Tafsiri ya matokeo ni yenu, na kifungu hicho kiwe ndani ya mkataba kabla fedha yoyote haijaingia. Wakikataa kukitia saini, basi fanyeni kazi ya kuandaa mjadala tu, muachie utafiti watu wengine, na kwenye kijitabu muandike wazi kwamba ninyi ni waandaaji.

Mtendaji_Mstaafu

Marahaba mwanangu Mnukuzi.

Ndugu Mtama, fedha ya washiriki nayo iingie kwenye mkataba huo. Iwe sawa kwa wote, mwenye ng'ombe 200 na asiye na kuku, kiasi cha kibarua cha siku moja hapo kijijini pamoja na nauli kwa wanaotoka vitongoji vya mbali. Ilipwe mwisho wa kila siku, kwa kusaini, na mtu wa fedha, asiwe mwezeshaji wala mtu wa dodoso. Na 70 wa kikundi linganishi wapeni kitu kwa muda wao pia, hata sabuni na sukari, maana wamehojiwa mara mbili na hawakuketi mezani. Wao nao waalikwe kusikiliza mapendekezo yakisomwa, kwa sharti kwamba dodoso lao la pili limeshajazwa.